Mashine ya Telesfori Haipulizwi

Kwetu Runazi, ukiwa na bisibisi na mdomo, tayari wewe ni fundi. Emilian alikuwa na bisibisi moja na midomo kama kumi. Redio za watu alitengeneza, hilo hatumnyimi, ila ukimsikiliza mwenyewe utadhani umeme nchi hii aliuleta yeye kichwani kwenye gunia. Kuna televisheni alikuwa anaisimulia, eti ilipigwa radi ikayeyuka ikawa kama uji wa mgonjwa, yeye akaimimina kwenye beseni, akaigandisha, jioni watu wakaangalia mpira. Televisheni yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Hata Scholastika mkewe, ukimuuliza habari hiyo, anaanza kuchambua mchele usiokuwepo.

Basi siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote. Emilian kakaa kibandani kwake anakunywa chai na mhogo wa kuchemsha, anawacheka wapita njia na simu zao za vioo vilivyopasuka. Simu yake ikaita. Mwanamke, anaongea polepole, anaitwa Restuta, yuko Ntobeye huko Ngara. Mume wake, Telesfori, amefariki juzijuzi tu na matanga hayajaisha. Kaacha mashine ya kusaga ya umeme wa jua, na mashine nayo imegoma tangu siku ya msiba.

"Mafundi wa huku wameshindwa," Restuta akasema.

"Hao si mafundi, mama. Hao wanajua kufunga mbuzi kamba."

"Kesho mchana shemeji yangu Venance anakuja na gari kuichukua. Anasema mashine ya ukoo haiwezi kukaa imekufa kwa mwanamke. Akiikuta inasaga, ataiacha, kaahidi mbele ya wazee. Akikuta imelala, anaipakia. Watoto wangu wanakula kwenye hiyo mashine, fundi. Hatuna kingine."

"Akija ataikuta inasaga mpaka mawe," Emilian akamwambia, akamalizia mhogo wake.

Kesho yake alfajiri akapanda gari mpaka Benaco, kutoka hapo akachukua pikipiki. Njia nzima anamnanga yule kijana wa pikipiki: breki zake, kofia yake, kabila lake, na vilima vya kwao. Vilima vya Ngara kweli vina namna yake. Asubuhi vinajifunika ukungu mzito kama mtu anayejifunika shuka asitake kuulizwa kitu. Baridi inauma mpaka kwenye fizi. Walipofika Ntobeye kijana akamshusha mbali kidogo na mji wa Restuta, akageuza. Emilian akamuuliza kwa nini hamfikishi mlangoni. Kijana akasema pale siku hizi hapigi honi wala hapiti karibu, akatia gia.

Restuta alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Jikoni alikaa mama mzazi wa marehemu, kikongwe anaitwa Nizigiyimana, mdogo kama fungu la kuni. Moto ulikuwa unafuka moshi, macho yanamtoka machozi, lakini anaupepea tu kwa kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo, bibi," Emilian akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akapewa uji. Ulikuwa wa moto wa kuchubua ulimi. Pembeni walikaa watoto wa Restuta na vikombe vyao, wanakoroga kwa kijiko, wanasubiri upoe, wamenyamaza kama wako kanisani. Emilian akaona ujinga huo. Akainua kikombe, akakunja midomo apulize.

Mkono wa bibi ukaja juu ya kikombe. Alivyofika pale kutoka upande wa pili wa jiko, Emilian hakuona.

"Hapa hatupurizi," bibi akasema kwa sauti ya chini.

Restuta ndiye aliyemweleza. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani za babu, na mwiko huu ulikuja nao. Mtu akifa kwa kukosa pumzi, hapo nyumbani hakuna kupuliza kwa mdomo mpaka matanga yaishe na pombe inywewe. Moto unapepewa. Uji unasubiriwa. Mtoto hapigi mluzi. Na Telesfori alikufa hivyo. Unga wa miaka mingi ulimjaa kifuani, mwisho akawa anavuta hewa mdomo wazi kama samaki, siku mbili nzima, mpaka akanyamaza.

"Anayekufa anatafuta pumzi, hata huko aliko anaitafuta," Restuta akasema. "Ukiitoa nje anaiokota."

"Basi marehemu wenu ni mwizi," Emilian akasema, akacheka peke yake.

Wale watoto waliacha kukoroga uji, wakawa wanamwangalia mdomo.

Mashine ilikuwa kwenye kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, na nyuma ya kibanda, migombani, ndiko lilikokuwa kaburi. Ukutani pamefungwa boksi kubwa la chuma lenye kidirisha cha kioo. Emilian akalifungua kama mtu anayefungua jeneza la adui yake. Ndani kadi za saketi zimepangwa moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini. Kila kadi ina meno ya rangi ya dhahabu pembeni, na meno hayo yanaingia kwenye mdomo wa soketi. Jino likipinda, likila kutu, likishika uchafu, umeme haupiti, na mashine yote inakuwa jiwe tu la kukalia.

Kazi hii Emilian alikuwa anaijua, tuseme ukweli. Unazima umeme, unachomoa kadi, unaangalia meno, unaangalia mdomo wa soketi, unasafisha, unapuliza, unarudisha. Kupuliza ndiyo nusu ya ufundi wa Runazi. Wako mafundi pale wana mashavu makubwa kuliko maarifa, na yeye ndiye mkubwa wao.

Restuta akamletea pampu ya baiskeli.

"Tumia hii kutoa vumbi. Tafadhali, fundi."

"Mama, mimi nimepuliza mashine za wazungu zikafufuka. Nishike pampu kama muuza maputo?"

"Tafadhali."

Akaiweka chini karibu na mguu wake, akaanza na mswaki na spiriti. Spiriti ilikuwa kidogo chupani. Nyingine alijua mwenyewe ilikoishia. Kadi ya juu ilikuwa na unga umegandia kwenye meno, akausugua ukatoka. Iliyofuata ilikuwa na jino limepinda, akalinyoosha kwa kikata kucha. Nyingine ina kutu ya kijani, akaikwangua kwa kifutio cha shule mpaka dhahabu ikang'aa. Nyingine mende alitagia mayai kwenye kona. Emilian alikuwa anatukana kila alichokikuta. Mende alimtukana, unga akautukana, mafundi wa Ngara akawatukana ukoo kwa ukoo. Uchafu wa kawaida. Anajuana nao tangu ujana.

Akachomoa kadi ya chini kabisa.

Meno yake yalikuwa na maji.

Hayakuwa matone. Ni ukungu, ule ukungu mwembamba unaobaki kwenye kioo ukikihemea. Emilian akaangalia juu, bati halivuji. Akagusa sakafu ya boksi, kavu. Akayafuta meno kwa kitambaa, yakang'aa. Akageuka kuchukua mswaki. Alipoangalia tena, ukungu umerudi.

Akafuta. Ukarudi. Akafuta kwa spiriti ya mwisho iliyobaki, akaisogeza kadi kwenye mwanga wa mlango, na hapo akauona vizuri: unakuja, unafifia, unakuja, unafifia. Na kulikuwa na harufu. Dawa ya kuchua kifua, ile ya kopo dogo wanayopakwa wagonjwa wa pumu.

"Hii mashine mlikuwa mnaipaka dawa?" akauliza.

Restuta alikuwa mlangoni. "Hapana," akasema. "Tulikuwa tunampaka yeye."

Emilian akawasha tochi ya simu, akainama kuchungulia mdomo wa soketi ilimokaa ile kadi. Pini za ndani zilikuwa nzima, hazikupinda hata moja. Hapakuwa na kutu. Pembeni kwenye mdomo wa soketi palikuwa na unga kidogo, mweupe, laini. Ule unga ulikuwa unatembea. Unavutwa ndani kidogo. Unasukumwa nje kidogo. Ndani. Nje.

Ni upepo wa mlangoni, Emilian akajiambia. Mlangoni palikuwa na Restuta, na gauni lake jeusi lilikuwa limetulia kabisa.

Sasa hapo mtu mwenye akili angeshika pampu, au angeshika njia. Emilian alikuwa anaikaribia pampu, mkono ulishateremka, gari likanguruma uani.

Venance aliingia na miwani ya jua kwenye ukungu ule, na koti la ngozi lililochanika kwapani. Ni mtu wa kujipa ukubwa, anatembea kama ardhi aliikodisha kwa watu. Nyuma yake wabebaji wawili na kamba.

"Bado mnachezea maiti?" akasema. Halafu akamwangalia Emilian kuanzia viatu. "Huyu ndiye fundi wenu? Kutoka Runazi? Runazi si wanatengeneza mipini ya majembe?"

"Inasaga sasa hivi," Emilian akasema.

"Naona. Naona inavyosaga." Akaiona pampu sakafuni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu. "Na hii ya nini? Mashine imepata pancha?"

Wabebaji wakacheka. Emilian alizoea kucheka watu, kuchekwa hakujifunza. Damu ikampanda mpaka masikioni.

Restuta akaiokota pampu, akamnyooshea. Emilian akaupiga ule mkono.

"Nitoleeni takataka hiyo. Tazama fundi anavyofanya kazi, wewe mwenye koti."

Restuta akabaki ameshika pampu. Akamwangalia fundi. Akaangalia nje, gari la shemeji yake na kamba zilizokwisha kufunguliwa. Nyuma ya gari watoto wake wamejipanga ukutani. Kisha akairudisha pampu nyuma ya mgongo wake. Mkwewe, yule bibi, alikuwa ameshafika mlangoni na kutaka kusema neno. Restuta akamshika kifundo cha mkono.

Emilian akajaza kifua. Akajaza mashavu yale makubwa. Akaweka midomo karibu kabisa na mdomo wa soketi.

Akapuliza.

Vumbi halikutoka. Pumzi iliingia yote, kama maji kwenye mchanga. Akataka kuacha. Haikukata. Ilikuwa inavutwa. Umeshaona wazee wanavyovuta pombe kwa mrija kutoka kwenye chungu, taratibu, bila haraka, macho wamefumba. Hivyo hivyo. Mashavu yakabonyea. Kifua kikabonyea. Mkono usio na kadi ukashika ukuta, kucha zikakwangua tofali. Macho yakamtoka. Venance akadhani ni madoido ya fundi, akawa anacheka.

Ikavuta mpaka ile ya chini kabisa. Ile mtu anayozaliwa nayo.

Kisha ikamwachia. Akaanguka makalio.

Halafu ndani ya boksi, nyuma ya zile kadi, mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kutoka mbali, cha mtu aliyekuwa hajakohoa kwa muda mrefu. Kikafuatiwa na pumzi ndefu ya raha.

Venance aliacha kucheka.

Kadi ya chini bado ilikuwa mkononi kwa Emilian. Restuta akaja, akaichukua polepole kwenye vidole vyake, akaitumbukiza mahali pake kama mtu anayerudisha mtoto kitandani. Meno yalikuwa makavu. Hakuna aliyekuwa amewasha umeme, swichi kubwa imelala chini vilevile kama Emilian alivyoiacha. Taa za kwenye boksi zikawaka. Jiwe likaanza kuzunguka.

Wabebaji walitangulia. Venance aliwafuata kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia, na hiyo ilikuwa aibu kubwa zaidi kuliko kukimbia. Miwani ilimdondoka mlangoni, hakurudi kuiokota. Gari likapiga kelele likashuka kilima.

Restuta akamimina mahindi. Unga ukatoka, mweupe, mzuri. Kusikia mngurumo, wanawake wa jirani wakaanza kuja na mabeseni kichwani, ukungu ukiwatoka midomoni kwa baridi. Kila anayesema neno anatoa wingu dogo. Watoto wanacheka, mawingu. Hata kikongwe ana kake, kadogo, ka kijivu.

Emilian akainuka ajisifu. Ndiyo ilikuwa saa yake, watu wote wale wamekuja, mashine inasaga. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sauti haipo, wingu halipo. Akajaribu tena. Midomo inacheza kama ya samaki.

Bibi akamsogelea, akaweka kiganja chini ya pua yake, akakiacha hapo. Akakitoa.

"Hamna kitu," akamnong'oneza Restuta.

Emilian akashika kifua. Kilikuwa kimetulia kama meza. Hakipandi. Hakishuki. Na yeye amesimama, anaona, anasikia, baridi inampiga. Hapo ndipo akaelewa. Akaliendea boksi, bisibisi mkononi, aichomoe ile kadi, adai kilicho chake.

Restuta akasimama mbele ya boksi.

Emilian akaonyesha kadi. Akaonyesha mdomo wake. Akapiga magoti, yeye Emilian wa Runazi, mbele ya mwanamke na mabeseni.

"Nimekusikia," Restuta akasema kwa sauti ndogo, wale wengine wasisikie. "Nikiichomoa, inalala. Ikilala, Venance atarudi. Watoto wako wana umri gani, fundi?"

Akaonyesha kwa mkono: wakubwa, wamemzidi urefu.

"Wangu ni hawa," Restuta akasema. "Unawaona."

Hakusogea. Emilian alikuwa na nguvu za kumsukuma, mwanamke yule alikuwa mwembamba kama ufito. Alinyoosha mkono kweli. Lakini kile kidirisha cha boksi nyuma ya bega lake kilikuwa kimeanza kupata ukungu kwa ndani. Ukungu unakuja, unafifia. Na kila ukififia, kwa ndani, karibu na kioo, palikuwa na kitu kimesogea kumwangalia.

Aliteremka kilima kwa miguu. Bisibisi aliiacha.

Sasa yuko Runazi. Kibanda kimefungwa, redio za watu zimejaa buibui, na wale wapita njia aliokuwa akiwacheka wanapita wakimtazama akiwa amekaa mlangoni, bubu. Ukimsalimu anatikisa kichwa. Waganga walikuja wakiwa na vibuyu na maneno mengi, wakaweka sikio kifuani kwake, wakaondoka bila kudai hata kuku. Na waganga wa huku unawajua, mtu hata akipona mwenyewe wanadai.

Scholastika anamuuguza. Anasema siku za kazi mumewe anakohoa kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, na akikohoa, kwenye kitambaa unatoka unga. Unga wa mahindi, mweupe, uliosagwa vizuri. Ukiushika una moto, kama umetoka kwenye jiwe sasa hivi. Aliumwaga uani, kuku wakauzunguka kwa mbali, na siafu wakakata njia yao pale pale wakapinda. Umelala pale mpaka leo, mvua inaunyeshea na hauloi.

Jumapili hakohoi. Kule Ntobeye Jumapili hawasagi, wanaenda misa. Siku hiyo Emilian analala chali, macho wazi, baridi, na Scholastika haendi kanisani. Anakaa kitandani anashika nyoya la kuku chini ya pua ya mumewe, tangu asubuhi, usiku kucha. Nyoya halitikisiki. Majirani wameshamwambia azike tu, mtu amekufa huyu.

Yeye anasubiri Jumatatu, Restuta afungue kibanda.